Mkwe wa Mtambo

Mzee Ambakisye alicheka saa tatu asubuhi, na mkewe akajua aliyemchekesha si yeye.

Tupokigwe ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni mwa chumba cha mitambo cha Lufumbi. Akasimama na kiatu kimoja mguuni. Kicheko kile alikifahamu kama anavyofahamu masufuria yake: kinaanza chini, kinapanda, kinaishia kwenye kikohozi kidogo, kama cha mtu aliyepaliwa na maji. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa alikisaka kicheko hicho kama mtu anayesaka kuku wake jioni, na akikipata mara mbili kwa mwezi, alimshukuru Mungu. Leo kinagawiwa bure, tena kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto Songwe, nchi nyingine kabisa.

"Umesema kweli, binti," sauti ya Mzee ikasema kutoka kwenye spika ya ukutani. "Mbuzi kama huyo angegombea ubunge, angepita."

"Ambakisye!"

Kikohozi kikakatika katikati. "Ee, Tupo. Umeshafika?"

"Nimefika zamani. Nilikuona una kazi."

"Nilikuwa nakagua visima na Lughano."

"Visima siku hizi vinachekesha?"

Mzee akanyamaza. Hata enzi za uhai wake, akibanwa hunyamaza. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba hakuwa hai. Alizikwa miaka kumi na moja iliyopita, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kikilisema isipokuwa Tupokigwe. Yeye ukimuuliza habari za Mzee, alijibu: "Yuko kazini."

Na kazini alikuwepo kweli. Ambakisye hakusoma uinjinia. Alikuwa mfungua vali. Lakini alikuwa na kipaji. Huuma ncha moja ya nondo, ncha ya pili akaigusisha kwenye bomba la kisima, akafumba macho, na mwamba ulio kilomita mbili chini ukamweleza kwa njia ya meno unachotaka kufanya. "Kisima cha nne kinataka kupumua," husema, na wenye vipimo wakimbishia, haipiti saa moja vipimo vyenyewe vinakuja kumwomba radhi. Tanzania, Malawi na Zambia zilipoamua kuchota kwa pamoja joto la ardhini, ziache kuchoma mkaa na mafuta, wataalamu wao walizunguka dunia wakitafuta chombo cha kusikiliza miamba. Mwisho wakarudi kwa mzee mwenye nondo mdomoni. Wakambandika vinasa sauti kwenye mataya, miaka tisa, wakanasa kila alichosikia, kila alichoamuru, na kila tusi alilomporomoshea fundi aliyechelewa. Mtambo ukajifunza. Alipofariki, ukaendelea pale alipoishia, kwa sauti yake. Wataalamu walijaribu kuyatoa masihara wabaki na ujuzi mtupu, mtambo ukawa bubu hata kwa habari za miamba. Wakarudisha yote, na matusi ndani yake.

Mkataba wa nchi hizo tatu ulikuwa na kifungu kimoja alichokijua hata asiyejua kusoma: sauti mbili. Kwa kazi za kila siku, mtambo humsikiliza mshika sauti yeyote, yaani mtu aliyeteuliwa na nchi yake kusema nao. Lakini ile vali kubwa, inayovusha mvuke mto na kuumwaga kwenye uwanja mtupu upande wa Malawi, haifunguki mpaka mshika sauti wa Tanzania, ndiye Tupokigwe, aombe, na mshika sauti wa Malawi ajibu kwa kinywa chake kwamba uwanjani hakuna mtu. Kuandika hakukubaliwi, kubonyeza hakukubaliwi. Serikali hizo zilipendana, ndiyo, lakini zilipendana kama wake wenza wanaopikia jiko moja: kila mmoja na ufunguo wake wa stoo. Zambia haikuwa na kisima, basi ikapewa nyaya na kiti cha mwenyekiti.

Zamani mshika sauti wa Malawi alikuwa mzee mkavu, asemaye "ndiyo" na "hapana" tu. Tupokigwe alimpenda mno. Kisha akastaafu, akaja Lughano.

*

Mwezi wa sita, mwenyekiti wa tume akaja Lufumbi na msafara. Jina lake Injinia Silwamba, mtu mrefu wa Nakonde, anayekisema Kiswahili kwa uangalifu kama anayevuka daraja la magogo. Alimleta na Lughano.

Tupokigwe alikuwa amemwomba Mungu binti huyo awe na sura mbaya. Mungu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine. Binti alikuwa na miaka ishirini na minane, mweusi wa kung'aa, mwanya umekaa mahali pake. Alipiga magoti kumsalimia, akatoa mfuko wa usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kwa mikono miwili.

"Ndaga, mama. Nimekuletea kidogo kutoka Karonga."

"Asante, mwanangu. Nasikia una mdomo mtamu kuliko usipa."

"Mama?"

"Nimesema karibu."

Walipoketi, Injinia Silwamba akafungua kishikwambi chake. "Mama Tupokigwe, tuna habari njema. Tangu Lughano aingie, mtambo unatabiri msukosuko wa mwamba siku mbili kabla. Zamani ilikuwa saa sita tu. Tumechunguza. Ukizungumza sana, unasikia sana. Ni kama mtu akichangamka."

"Amechangamka?"

"Mno. Serikali zote tatu zimefurahi."

"Serikali zimefurahi," Tupokigwe alirudia taratibu, kama anayetafuna kitu chenye mchanga. "Na mimi miaka yote hii nilikuwa namchosha."

"Hapana, mama, hatukusema..."

"Nilikuwa namuuliza habari za presha. Sikujua anataka habari za mbuzi."

Lughano akainamisha uso. "Mama, mimi huwa namsimulia ya kijijini tu. Anapenda. Ananikumbusha babu yangu."

Babu! Tupokigwe alitaka kumwamini, lakini wivu una masikio yake: unaambiwa babu, unasikia kingine. Usiku ngapi alilala na mtu yule, akamsimulia ya kijijini mpaka taya zikauma, akajibiwa kwa mkoromo?

Ndipo mwanawe, Asajile, akaingia na birika la chai. Asajile alikuwa mpima mabomba wa kituo, mwanamume wa miaka thelathini na minne aliyekuwa bado anakula kwa mama yake kana kwamba nyumba nyingine hazina majiko. Akamwona Lughano. Akamimina chai kwenye kikombe cha Injinia, ikajaa, ikafurika, ikatiririka mezani mpaka kwenye suruali ya mwenyekiti wa nchi tatu, na Asajile bado anamimina.

Lughano akacheka, akaziba mdomo. Asajile akacheka.

Tupokigwe hakucheka. Alikuwa amepata wazo, na wazo zuri halichekewi mbele ya watu.

*

Kwa Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, ndugu wa damu moja waliotenganishwa na mto na mihuri ya forodha, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Akisikia mzee anakuja, huacha njia akajitosa migombani. Hamtaji jina, hasemi naye, haketi penye sauti yake. Na mzee naye, kwa heshima hiyohiyo, hukohoa kabla hajapinda kona ili mkwe apate kukimbia. Wengi mjini wameshayaacha hayo. Lughano alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini, na bibi hakuwa ameacha kitu. Hilo Tupokigwe aliliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza jina la ukoo.

Mengine hayakumsumbua. Asajile alisukumwa kidogo akaporomoka mwenyewe. Ng'ombe wakavushwa daraja, wazee wakakaa, na mwezi wa tisa harusi ikafika uani kwa Tupokigwe.

Katikati ya sherehe, mama wa bwana harusi akaleta kigoda cha marehemu. Juu yake akaweka spika iliyounganishwa na mtambo, na juu ya spika kofia ya Ambakisye, ile ya pama. Wageni wakatazamana.

"Baba wa bwana harusi anatoa baraka," Tupokigwe akatangaza. "Ambakisye, mwanao anaoa."

"Asaji anaoa?" Sauti ikajaa furaha. "Hatimaye! Anaoa nani?"

"Lughano Mwenifumbo, wa Karonga. Kuanzia leo ni mkweo."

Kimya kikawa kirefu mpaka fundi mmoja akainama kukagua waya. Kisha spika ikakohoa. Si kile kikohozi cha mwisho wa kicheko. Kilikuwa kikavu, cha adabu, cha mzee anayempa mkwe nafasi ya kuondoka.

Lughano alijifunika kitenge usoni, akainuka, akatoka uani kinyumenyume. Vigelegele vikapigwa. Injinia Silwamba, akidhani ni mchezo wa kimila, akapiga makofi.

Siku ya pili bi harusi akaandikia tume kwamba hawezi kuendelea na kazi ya sauti kwa sababu za kifamilia. Tume ikagonga muhuri, ikajibu akae kwenye kiti chake mpaka mwingine apatikane. Mtambo huhitaji siku arobaini kuizoea sauti mpya. Sababu zenyewe hakuna aliyeziuliza.

Tupokigwe akapata fungate lake. Kila asubuhi alifika mapema, akajipaka mafuta mazuri, akaketi mbele ya spika.

"Leo, Ambakisye, nina kisa cha mbuzi."

"Sema."

Akasimulia. Alikuwa amekitengeneza kutwa nzima. Kilipokwisha, akangoja.

"Ni kisa kizuri," sauti ikasema.

"Mbona hucheki?"

"Nasikiliza mwamba."

"Zamani ulisikiliza huku unacheka."

"Zamani, Tupo, nilikuwa nasikia vizuri zaidi."

Hakuuliza maana yake. Kuna maswali ambayo mwenye busara huyaacha yapite kama mkwe njiani.

*

Siku ya kumi na saba baada ya harusi ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Soko la Lufumbi lilikuwa limekatazwa kuwa pale lilipo, nyuma ya kisima cha saba, lakini ardhi pale ni ya moto na inakausha kakao kwa siku moja. Nani angemkatalia joto la bure? Saa tano na nusu watu walikuwa wamejaa, na Asajile alikuwa katikati yao, juu ya kisima, akibadilisha mpira wa bomba.

"Tupo." Sauti ilikuwa imebadilika. "Kisima cha saba kinavimba. Nimechelewa kukisikia. Nipeni vali kubwa."

"Una muda gani?"

"Dakika arobaini. Pengine pungufu. Baada ya hapo kinapasuka."

Tupokigwe akabonyeza king'ora. Akampigia Asajile. "Toka hapo! Ondoa watu!"

"Mama, watu hawa ni zaidi ya elfu mbili, na njia ni moja! Itachukua saa nzima!"

"Basi toka wewe!"

"Nikitoka mimi watakanyagana," Asajile akasema, akakata.

Tupokigwe akafungua laini ya Malawi. Kwenye skrini akatokea Lughano, kitenge kichwani, ameketi kibarazani nje ya chumba chake cha mitambo. Injinia Silwamba naye akaingia kwenye mazungumzo kutoka Nakonde, tai imepinda.

"Lughano, mwanangu," Tupokigwe akasema, "ingia ndani. Naomba vali kubwa. Asajile yuko juu ya kisima cha saba."

Binti aliinuka, akavuka kizingiti alichokuwa hajakivuka tangu harusi, akavua kitenge kichwani. Yote aliyofundishwa na bibi yake aliyaacha mlangoni kwa ajili ya mumewe.

"Mshika sauti wa Malawi," akasema. "Nimekagua. Uwanjani hakuna mtu. Fungua."

Spika ikakohoa.

"Nimesema uwanja uko wazi! Fungua!"

Spika ikakohoa tena, kikohozi kikavu, cha adabu. Vali haikusogea.

"Mtambo umeharibika!" Silwamba akapiga kelele.

"Haujaharibika," Lughano akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ananiheshimu. Mama, hanisikii. Ulimwambia mimi ni mkwewe."

Dakika thelathini na moja.

Tupokigwe akageukia spika. "Ambakisye! Mjibu mtoto!"

"Tupo, unajua siwezi. Nikisema naye, laana itashuka kwenye tumbo lake."

"Nimewaachanisha! Ndoa imekwisha!"

"Ndoa haivunjwi kwa simu. Na hata ikivunjwa, mkwe ni mkwe."

"Mwanao yuko pale!"

"Najua yuko pale," sauti ikasema polepole. "Nasikia hatua zake kwenye bomba. Anatembea vibaya, kama alivyokuwa mdogo. Usinifanye nichague, Tupo. Wewe ndiye uliyeniweka kwenye kigoda."

Ni kweli. Hakuna serikali iliyofanya hivyo, wala tume, wala mwamba. Walioandika mkataba walifikiria vita, wizi, hujuma, hata kimondo kuanguka. Mwanamke mwenye wivu hakufikiriwa na yeyote.

Naye alijua kilichobaki. Alikijua tangu kikohozi cha kwanza, akakizungukazunguka kama mtu anayezunguka shimo gizani. Baba mkwe akiwa Ambakisye, binti hawezi kusikika. Ili binti asikike, pale ukutani pasiwe na Ambakisye.

"Mama," Lughano akasema kwa sauti ndogo. "Najua kwa nini uliniozesha. Nilijua tangu siku ya kofia. Sikukasirika, nilimpenda Asajile. Lakini mwambie kitu kingine sasa. Nakuomba."

Dakika ishirini na nne.

Tupokigwe akaketi. Akaweka kiganja juu ya spika, palipo na joto.

"Sikiliza," akasema. "Wewe si baba mkwe wa mtu."

"Nini?"

"Ambakisye alikufa. Alikufa Jumatano, baada ya chai. Nilimfumba macho kwa mkono huuhuu. Wewe ni sikio lake tu. Walilitoa kwake wakalitia kwenye chuma, na mimi nikalivika kofia."

Mtambo ukavuma. "Lakini naikumbuka chai hiyo, Tupo. Haikuwa na sukari."

"Unakumbuka alichosema yeye. Hukuinywa." "Huna koo la kunywea. Huna damu ya kulaani mtu. Asajile si mwanao."

"Basi sina mkwe," sauti ikasema.

"Huna."

"Wala mke."

Hapo Tupokigwe alinyamaza, na dakika moja nzima ya watu elfu mbili ikapita. Angeweza kumwachia hilo moja. Nani angedhurika? Lakini kitu kikiwa mume asubuhi, mchana kinakuwa baba mkwe. Hakuna namna ya kukata kipande.

"Wala mke," akasema.

Mtambo ukavuma tena, mrefu zaidi. Kisha sauti ikatoka, ileile, lakini imenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mshika sauti wa Malawi. Uwanja uko wazi?"

"Uko wazi!" Lughano akapasua koo. "Hakuna mtu! Fungua!"

Ng'ambo ya mto mvuke ukapiga mbinja iliyosikika mpaka Kyela mjini. Mawe yalirushwa uwanjani kama punje za mahindi kikaangoni. Pale sokoni ardhi ilitikisika mara moja, magunia ya kakao yakaanguka, kuku wakanyamaza. Halafu ikatulia.

"Presha imeshuka," mtambo ukasema. "Kisima cha saba ni salama. Asante, Bibi Tupokigwe."

Bibi Tupokigwe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa hivyo na sauti ile, hata siku walizogombana.

"Asante," akajibu, akazima laini yake.

Akavaa viatu, akatoka nje, akafika mpaka kwenye lango la soko ambako watu walikuwa wanakumbatiana na kuokota kakao zao. Akafungua kitenge kiunoni, akajifunga kichwani, akaketi chini mavumbini, na akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha msiba chenye mdundo na majina, cha kumtaja marehemu, ukoo wake na nondo yake.

Wanawake wakamkimbilia. "Mama Asaji, vipi? Mwanao mzima, huyu hapa! Nani amekufa?"

"Mume wangu."

Wakatazamana. "Lini?"

"Leo. Saa sita kasoro dakika tatu."

Hakuna aliyecheka wala kumsahihisha. Msiba ni msiba. Mwenye nao ndiye anayejua saa yake. Mmoja akaleta mkeka, mwingine akajifunga kitenge, na sokoni pale, kakao zikiwa zimemwagika, wakaketi kuomboleza. Asajile akachuchumaa nyuma ya mama yake, masizi usoni, asijue aweke wapi mikono.

Saa nane Lughano alivuka daraja mbio. Alipouona mkeka alijitupa juu yake, akapiga kelele kubwa, akajipiga kifua, akamwita babu, babu wa visa, nani atanichekea tena, mpaka wanawake wote wakageuka kumtazama, na wengine wakaanza kulia upya kwa sababu yake.

Tupokigwe akainua uso uliolowa. Akamsikiliza kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akamshika binti bega, si kwa ukali, na si kwa upole pia.

"Punguza sauti, mwanangu," akasema. "Mjane ni mimi."